Sauti Niliyoandika Kuwa Imeshuka

Ujumbe ulikuwa wa sauti, dakika mbili na nusu, umetumwa na mjukuu kwa niaba ya babu yake. Nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala, jioni, nimesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba. Nikaweka simu sikioni.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Mimi ni yule mpiga fidla wa pili kutoka kushoto. Mjukuu wangu kanisomea ulichoandika. Kiswahili chako kizuri. Lakini pale uliposema fidla zilishuka kwenye wimbo wa tatu, hazikushuka, mwanangu. Sauti ile ndipo inapokaa. Ukija Unguja, pita nikuoneshe."

Hakuwa na hasira. Alipomaliza kusema akaipiga ile sauti mara moja, fidla peke yake, ndefu, kisha ujumbe ukakatika.

Niliisikiliza mara nne kabla hatujafika Mtoni.

Mara zote nne niliisikia imeshuka.

Sentensi niliyoipenda

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa Mji Mkongwe kwa shughuli za kazi, nikabaki usiku mmoja zaidi kwa ajili ya taarab. Ilikuwa taarab asilia: fidla nne, ganuni (ala ya nyuzi nyingi juu ya sanduku bapa, hudonolewa kwa vidole), udi, nai, kodiani, selo, ngoma ya dumbaki, na waimbaji wakipokezana. Wakafungua kwa bashrafu, kipande cha ala tupu bila mwimbaji, kama ilivyo ada, watu wametulia kwenye viti, akina mama wakinyanyuka mmoja mmoja na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji pale ubeti unapowagusa.

Niliporudi Dar niliandika maneno mia nane hivi. Niliwasifu waimbaji. Niliisifu sana taksimu ya ganuni, ile sehemu ambayo mpigaji huachiwa peke yake atembee anakotaka. Nikaandika kwamba aliikata ghafla, "kwa ujasiri wa mtu asiyehitaji kuaga". Kisha nikafika wimbo wa tatu. Nikaandika kwamba fidla zilishuka sauti na zikabaki zimeshuka hadi mwisho, na kwamba "kikundi cha hadhi hii kinastahili mazoezi zaidi".

Nilikuwa nimeipenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Ilikuwa na uzito wa mtu anayejua.

Na sikuiandika kwa kubahatisha. Nilikuwa nimerekodi wimbo wote kwa simu. Nilipofika nyumbani nikafungua ile programu ya kupimia sauti wanayotumia wapiga gitaa, nikasogeza simu karibu na spika. Mshale ukasimama katikati ya sauti mbili, hauendi huku wala kule, na taa ikawa nyekundu.

Nilipima. Ndiyo maana sikuwa na woga.

Sikio langu lililelewa wapi

Nimekulia kwenye kwaya ya Kilutheri, Moshi. Nilianza kuimba sauti ya kwanza nikiwa na miaka saba, nikavunja sauti nikahamia tenori, na hadi leo huimba tenori katika usharika mmoja hapa Dar. Mwalimu wetu wa Moshi alikuwa na kinanda cha kukanyaga na sikio kali. Tukiimba bila kinanda beti tatu, yeye hubonyeza kitufe kimoja ubeti wa nne unapoanza. Kama tulikuwa tumeteremka hata kidogo, hupiga meza kwa rula: "Mnashuka! Mnashuka!"

Sikio langu lilitengenezwa na rula ile. Ninaishukuru. Kila nilichowahi kuandika kuhusu muziki kimesimama juu yake, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia msomaji kwamba rula ipo.

Kitu kingine nilikifikiria baadaye, usiku, wakati ujumbe wa mzee ukiendelea kunizungukia kichwani. Nyimbo zile za kwaya, pamoja na kinanda chake, zililetwa kwetu na wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Babu wa babu yangu hakuimba kwa kinanda kile. Nimekuwa nikilitumia sikio hili kama kwamba ndilo la watu wote, kumbe hata ndani ya ukoo wangu lina umri.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili bila kumjibu mzee. Naona aibu kuiandika hiyo, maana salamu ya mkubwa haikai wiki mbili. Nilikuwa natafuta njia ya kumjibu nikiwa bado nina haki.

Sikuipata. Nikavuka.

Kibarazani

Mzee anakaa Ng'ambo, mtaa wa pili kutoka Mji Mkongwe, nyumba ya baraza ndefu, fidla ameitundika juu ya kabati mbali na watoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za safari, za kazi, za wazee wangu kama wapo hai. Kahawa ikaja. Nikadhani atanipa somo la historia, kuhusu Sultani Barghash na wanamuziki wa Misri, au kuhusu kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilichokuwepo tangu 1905. Hakutaja lolote.

"Wewe umesoma wapi muziki?"

Nikamweleza kuhusu kwaya.

Akaishusha fidla, akaiweka sawa nyuzi, akapiga sauti ya kwanza, ya pili, halafu ya tatu. "Hii ya kanisani kwenu." Akarudisha kidole nyuma kidogo. "Hii ya majonzi, nayo mnayo." Nikatikisa kichwa kukubali, zote mbili nazijua kama jina langu. Kisha kidole kikapanda tena, kikasimama katikati ya hizo mbili.

"Hii ni yetu. Wimbo ule uko kwenye maqamu, mpangilio wa sauti, ya Rasti. Katika Rasti, ya tatu hukaa hapa."

Ilikuwa ndiyo ile ya kwenye simu.

"Sasa imba."

Nikaimba. "Umepanda." Nikaimba tena. "Umeshuka." Akapiga, nikafuata, akatikisa kichwa. Nadhani tulikaa hivyo nusu saa. Nina zaidi ya miaka thelathini ya kuimba, na koo langu halikuweza kusimama mahali anaposimama kidole cha mzee bila kutazama. Kila nilipoliachia lilikimbilia moja ya nyumba mbili linazozijua, kama mbuzi anavyorudi zizini jioni hata ukimfukuza.

Mara moja tu niliipata. Nilijua nimeipata kwa sababu sauti yangu ilipotea ndani ya fidla, sikuisikia tena. Ilidumu kama muda wa kumeza mate.

Mpaka siku ile nilikuwa nikiamini kwamba mtu aliyekosa sauti na mtu aliyeilenga sauti nyingine anasikika tofauti, na kwamba mimi ningeweza kuwatofautisha. Kumbe walikuwa wamepiga fidla nne, vidole vinne tofauti, mahali pamoja padogo kiasi hicho, wimbo mzima. Watu walioshuka kwa uzembe hawawezi kushuka pamoja namna hiyo. Ushahidi ulikuwa masikioni mwangu, nami nikauandika kama kosa.

Nikamuuliza kuhusu kodiani, maana vitufe vyake havina katikati.

"Umeisikia kodiani pale?"

Nikatoa simu, tukasikiliza ile rekodi yangu. Kila wimbo unapopita kwenye sauti ile, kodiani inanyamaza. Inaingia kabla, inarudi baada, pale inaacha nafasi. Nilikuwa nimeisikiliza rekodi ile zaidi ya mara kumi. Kijana wa kodiani alizijua sauti asizonazo, akazipisha ubeti baada ya ubeti, na mimi sikuwa nimeandika neno hata moja juu yake.

Mshale mwekundu

Niliporudi nilisoma kidogo, si kwa kujitetea, kwa kutaka kujua kifaa changu kilinidanganya vipi.

Hakikudanganya. Wapimaji wa sauti huigawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, vipande 1,200. Kwenye kinanda, ile ya tatu ya furaha iko kwenye 400 na ya majonzi kwenye 300. Ya Rasti hukaa jirani na 350, na hata hapo haijafungwa kwa misumari: Cairo wanaiweka mahali pao, Istanbul wanaiweka juu zaidi, na mpigaji mwenyewe anaweza kuisogeza kidogo wimbo ukipanda au ukishuka. Ndiyo maana ganuni ina vijino vidogo vya chuma upande wa kushoto, chini ya nyuzi zake zaidi ya 70; mpigaji anaviinua na kuvilaza katikati ya wimbo ili nyuzi zihame kidogo. Mwaka 1932 wataalamu wa muziki wa Kiarabu na wageni wao kutoka Ulaya walikutana Cairo kwa mkutano mkubwa, wakabishana kuhusu vipimo hivi hivi, na kuhusu piano kama ina nafasi kwenye muziki wao. Hawakukubaliana.

Programu ya simu yangu ilifanya kazi yake vizuri. Ilikuwa imelelewa nyumba moja na mimi, basi. Nilidhani nimeita shahidi, kumbe nimemwita ndugu.

Basi nani alikosea?

Kuna swali nililomuuliza mzee kabla sijaaga, na nililiuliza kwa uchungu kidogo. Kama kila nisichokielewa ni sahihi kwa wenyewe, kuna siku nitaruhusiwa kusema kitu kimeharibika? Au mgeni kazi yake ni kupiga makofi?

Niliogopa angenijibu kwamba muziki ni wa wenyewe, niwaachie.

"Usiku ule? Alikosea mtu. Lakini si pale uliposema."

Alikuwa mpiga ganuni. Ile taksimu niliyoisifu. Kijana alitoka vizuri kwenye maqamu ya wimbo, akaingia nyingine, akaenda mbali, na alipotaka kurudi nyumbani akakosa njia. Kijino kimoja hakukilaza kwa wakati. Akakwama, akanyamaza. Mpiga dumbaki akaona, akaingiza wimbo mapema kumfunika. Kila aliyekuwa jukwaani alijua, na katika viti vya mbele wazee wawili watatu walitazamana.

Mimi nilikuwa nimeandika "ujasiri wa mtu asiyehitaji kuaga".

Nilihisi uso unawaka. Lakini nikabaki na jambo ambalo sikuweza kulimeza: ile taksimu ilinisisimua kwelikweli. Ukimya ule, halafu dumbaki, nywele za mikono zilinisimama. Nikamwambia. Je, nilisisimkwa na uongo?

"Kusisimka ni kwako, hakuna wa kukunyang'anya. Andika umesisimka. Ila usiseme alikusudia. Hiyo hukuiona."

Nimekuwa nikiandika maoni ya muziki kwa miaka sita, na hakuna aliyewahi kunitenganishia vitu hivyo viwili. Yaliyonipata mimi nina mamlaka nayo kamili. Nikisema nilichoka, nilichoka. Walichokuwa wakikifanya wao ni habari, na habari huulizwa. Sentensi yangu ya mazoezi ilikuwa imevaa vazi la kwanza na kuiba la pili. Nilichosikia kweli ni kwamba sauti ile ilinikera. Ningeandika hivyo tu, ningekuwa msema kweli, na pengine msomaji wa Unguja angecheka kwa upole na kunieleza.

Jambo lingine lilijitokeza hapo kibarazani. Ukosoaji upo. Ni mkali kuliko wangu, una jina la kila kosa, unafahamu hata kijino kilichosahaulika. Unafanyika baada ya onyesho, kwenye kahawa, mbele ya mkosaji, na hauandikwi. Nilikuwa nikijiona kama mtu anayeleta kitu mahali pasipo na kitu.

Makala yangu ya zamani

Wiki iliyofuata nilifungua kila nilichoandika tangu mwanzo. Haikuwa kazi ya kufurahisha.

Nilianza na maneno. "Kali". "Imetulia". "Ya kiwango". "Imekosa ladha". Niliyafuata ukurasa kwa ukurasa, na karibu yote yalikuwa yananieleza mimi nilivyokaa kwenye kiti. Ukimpa mtu asiyekuwepo asome, hajui gitaa la solo lilifanya nini, hajui besi iliingia wapi, hajui mwimbaji alivuta pumzi katikati ya neno au mwishoni. Sisi tunaoandika baada ya saa za kazi, bila kulipwa, tunayapenda maneno haya kwa sababu hayawezi kukanushwa. Na mwenye onyesho akikupa tiketi ya bure na kukuomba "utuandikie kitu kizuri", ndiyo maneno ya kwanza kukujia.

Halafu nikaona kibaya zaidi, na hiki ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Nilitafuta mahali nilipokuwa mkali. Nikakuta kikundi cha taarab asilia. Bendi ya dansi ya wazee. Kwaya ya kijijini. Kikundi cha ngoma kilichokuja Dar kwa mara ya kwanza. Kwa nyota wa Bongo Fleva wenye mamilioni ya wafuasi nilikuwa na lugha laini, "amejaribu kitu kipya", "tumpe muda". Sikuwahi kuamua hivyo. Lakini najua sababu, nikijisomea kwa macho makavu: mashabiki wa nyota wanatukana, na matusi yao yanafika hadi kwa wanangu. Mpiga fidla wa Ng'ambo hana jeshi.

Ukali wangu ulikuwa unatafuta mahali ambapo hautarudishwa.

Na ulirudishwa, kwa salamu na mwaliko.

Umati kama hakimu

Rafiki yangu mmoja, Msukuma wa Magu, niliposimulia haya aliniambia kwao jambo hili lilishatatuliwa zamani. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyogawanya Usukuma tangu enzi za waganga Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja uwanja mmoja. Watazamaji huzunguka wanakotaka. Atakayevuta umati mkubwa ameshinda. Hakuna anayeandika, hakuna anayetoa alama.

Nilipenda wazo hilo siku nzima. Miguu haisemi uongo, na haimwogopi mtu. Sikinde na Msondo, bendi kongwe za dansi za Dar, nao wamehukumiwa hivyo kwa miaka mingi, kwa mlango na kwa waliobaki ukumbini usiku wa manane.

Lakini umati ukihama haukuambii umehamishwa na nini. Inawezekana ni nyoka aliyeletwa uwanjani, inawezekana ni zamu ya mpiga ngoma. Aliyekuwa nyuma, aliyezaliwa baadaye, aliyeko Muscat au Minnesota, atajua nani alishinda na hatajua kilichosikika. Ile nafasi ya kodiani ndogo kama kitufe haiwezi kuhamisha miguu ya mtu yeyote. Mtu lazima akae, aisikie, aandike. Bado naamini hivyo, tena sasa kuliko mwanzo.

Na hao akina mama wenye noti? Katika makala ile niliwataja mara moja, kwamba "walikuwa wakikatiza mbele ya jukwaa". Mke wa mzee, aliyekuwa anatusikiliza kutoka mlangoni, aliniuliza kama niliona nani alinyanyuka ubeti gani. Sikuona. Akanieleza kwamba mwanamke mmoja alikaa wimbo mzima hadi ubeti wa nne, akanyanyuka, akapita njia ndefu mbele ya mwanamke mwingine, ndipo akatuza. "Wimbo wote ulikuwa pale, baba." Akarudi ndani.

Nilichokifanya na makala ile

Nilitaka kuifuta. Nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu. Mwishowe niliiacha, sentensi ya mazoezi ipo vilevile, na chini yake nimeandika kilichotokea na jina la maqamu. Aliyeisoma mwanzo na kuamini, akirudi atakuta.

Sasa, kabla ya mengine yote, huandika nilikaa wapi ukumbini, na kwamba sikio langu ni la kwaya. Nikitaka kuandika "amekosea" humtafuta kwanza mtu wa kikundi, hata kama jibu lake nitalikataa. Kazi imekuwa ya polepole. Mwezi uliopita nimeandika moja tu. Nina makala ya nyota mmoja mkubwa ambayo imekaa siku kumi na mbili bila kuchapishwa, na safari hii nimesema ninachodhani, na bado naogopa. Itatoka wiki ijayo.

Kuhusu mpiga ganuni, sikuwa tayari kulieleza kosa lake hapa bila ruhusa yake. Nilimpigia simu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Andika tu, kaka. Wote waliokuwepo wanajua. Ila andika pia kwamba ijumaa ya mwisho wa mwezi naingia taksimu ile ile. Uje usikilize kama nitarudi."

Nimeshakata tiketi ya boti. Mzee ameniagiza nikae mbele, upande wa ganuni, nisijisogeze karibu na spika kama mara ile. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, naufungua ule ujumbe wa daladala, nausogeza hadi mwisho kwenye fidla peke yake, na najaribu kuimba nayo.

Jana niliishika hadi hesabu ya tatu. Kisha ikapanda.